Bi Vumilia na Mwamba Chongo

28 Juni, Jumamosi

Leo tumemwona pweza anayeishi chini kabisa ya bahari, na tumemwonea katika chumba cha darasa la tatu.

Asheri, bwana samaki wetu, aliziba madirisha kwa maturubai, akatundika shuka nyeupe juu ya ubao, akawasha mashine yake ya picha. Ni Mshambaa, kakulia milimani, lakini akianza kuzungumza habari za bahari husahau hata kula. Alisema picha zilipigwa na chombo kisicho na mtu ndani, kilichoshushwa kutoka melini huko bahari za mbali. Kwanza giza tupu. Kisha taa ikamulika jiwe, na juu ya jiwe yuko yeye, rangi yake kama zambarau iliyofuliwa ikapauka, kajikunja mwili mzima juu ya mayai yake.

"Huyu walirudi kumtazama kwa zaidi ya miaka minne," alisema Asheri. "Kila wakirudi wanamkuta palepale. Hawakumwona akila hata mara moja. Analinda mpaka mayai yaanguliwe, kisha anakufa."

Anjela wa Muheza, ambaye hata msibani hawezi kunyamaza, akauliza, "Na mume yuko wapi?"

"Dume hufa mapema. Akishampanda jike, hakai sana."

"Kumbe wako wanawake wenye bahati!"

Tulicheka mpaka mwanangu Rahimu akaachia titi akaniangalia. Wanaume waliokaa nyuma hawakucheka sana. Anjela palepale akampa yule pweza jina: Bi Vumilia.

Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine. Kaa mmoja alikuja taratibu kuelekea mayai, na Bi Vumilia akanyoosha mkono mmoja tu akamsukuma kule, bila hata kugeuza jicho, kama ninavyomsukuma paka kwenye sufuria ya dagaa. Kisha akarudi kukaa.

Asheri akasema bahari yetu ya Tanga nayo ina vilindi, ndiyo maana silikanti, wale samaki wa kale wa vilindini, wananaswa huku, ila ni nani aliyeshuka kutazama wote wanaokaa huko. Pweza wetu wa mwambani, akasema, mama yao hukaa hivyohivyo juu ya mayai, ila kwa majuma tu. Sisi tunamchomoa kabla hajamaliza, tunamla yeye na kizazi chake. Basi tufunge Mwamba Chongo, mwamba wetu wa kuvulia, kuanzia Julai, asiingie mtu, tuufungue pweza wakishakua.

Hapo nilisimama na mtoto begani. Nikasema kufunga sawa, lakini wazamiaji wana miwani na bunduki za kuvulia, wanawafuata pweza mpaka majini. Sisi wanawake tunatembea kwa miguu na nondo za kuchokolea matundu, na miaka hii tunarudi na chaza wa kuchemshia mchuzi tu. Kama siku ya kufungua wataingia wao kwanza, tutakuwa tumewalindia shamba. Wanawake waingie kwanza, wavue maji yakiwa yamekupwa, ndipo wazamiaji wafuate. Ikapita. Hata Masoud, mume wangu, ambaye ni mzamiaji, alinyanyua mkono.

Mwisho mwenyekiti wetu, Mzee Miraji, akasema tutafungua tarehe moja Oktoba, ni rahisi kukumbuka. Wote mikono juu. Ilikuwa adhuhuri na hakuna aliyekuwa ameinjika chungu.

1 Julai

Mwamba umefungwa. Bendera nyekundu imepigwa kwenye boya.

9 Julai

Meno ya Rahimu. Hakulala, sikulala. Mavyaa, yaani Bi Khadija mama yake Masoud, ananitazama ninavyopepesuka na ndoo, anasema, "Mwamba kaumba Mungu, mkaza mwanangu kautia kufuli."

16 Julai

Bada, ugali wa muhogo, na mchunga, mboga chungu ya porini.

17 Julai

Mchunga na bada. Hasina, binti yangu wa darasa la kwanza, kauliza kama pweza wamehama.

26 Julai, Jumamosi

Bamvua la pili tangu tufunge, siku za maji kupwa kabisa, na bahari imetoka kama inatucheka. Mwamba mzima mkavu, matundu yote wazi, na sisi tumekaa pwani tunautazama. Ilikuwa zamu yangu na Anjela kulinda. Anjela alisema afadhali funga ya Ramadhani, maana ile mtu hakai mbele ya chungu cha pilau.

Nikaona mtu anashuka, buibui limekunjwa kiunoni, kikapu mgongoni. Mavyaa, na nondo yake.

Mwanamke huyu ndiye aliyenipokea nyumbani kwake, ndiye anayempakata Rahimu nikipika. Na watu wote walioko pwani walikuwa wananitazama mimi.

Nikamfuata. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipishe."

"Mama, naomba hiyo nondo."

"Unaninyang'anya?"

"Nakubebea. Ni nzito, na njia ya kurudi nyumbani ina mchanga."

Alinitazama sana. Tundu lake liko kule, analijua tangu aliporithishwa na mama yake, linaitwa Tundu la Somoe, na hakuna anayeingiza nondo humo ila yeye. Hiyo ndiyo desturi yetu: kila mama ana matundu yake, na mwenzio hagusi. Nilijua namkataza kitu chake mwenyewe.

Akaniachia nondo. Jioni hakula. Mimi nimekula, kwa kuwa nanyonyesha.

11 Agosti, Jumatatu

Asheri alitaka wanawake wawili wa kwenda naye kukagua mwamba, kutazama tu, bila chuma. Nilimtaja mavyaa kabla hajamaliza kuuliza. Mavyaa alisema ana shughuli. Nikafunga safari, na nilipogeuka yuko nyuma yangu, ameshavaa makubazi yake.

Kwenye Tundu la Somoe alipiga magoti majini. Mlango ulikuwa umezibwa kwa vijiwe, kimoja kimoja, kama mtu aliyejenga. Asheri akaondoa kimoja, akamulika na tochi.

Alikuwemo. Amekonda, ngozi imepoteza rangi. Nyuma yake dari zima lilining'inia mayai, vishada kwa vishada, kama maua ya mwembe. Anayapulizia maji, polepole, anayafuta kwa ncha za mikono. Tochi ilimkera, akatoa mkono mmoja akaisukuma.

"Mtukutu," alisema mavyaa. "Nimewatoa humu wangapi wa namna hii, Asheri? Nilikuwa nadhani ni wagonjwa."

"Hukuambiwa, mama."

"Rudisha jiwe lake. Baridi hiyo inaingia."

Njiani aliniomba Rahimu ambebe yeye. Usiku wa Bi Vumilia ni miaka minne, akasema, wa kwako ni meno tu, yatatoka.

19 Agosti

Jino limetoka. Nimelala.

5 Septemba, Ijumaa

Maulidi. Tulikuwa uwani kwa Mzee Miraji, tunapika pilau la watu wote, mimi kwenye sufuria kubwa na mwiko kama kasia. Ndani wanasoma, nje tunakoroga. Bibi mmoja akasema, "Mwaka huu Mfungo Sita umeingia vizuri, mwezi umeonekana bila ubishi."

Leo mwezi kumi na mbili, yaani siku ya kumi na mbili tangu mwezi uandame. Kwa hiyo bamvua ni keshokutwa, mwezi ukipevuka. Likiisha hili, linakuja la mwezi mwandamo, kisha...

Mwiko ulisimama.

"Unaunguza," alisema Anjela.

"Anjela, tarehe moja Oktoba itakuwa mwezi ngapi?"

"Mimi Mkristo, mwenzangu, waulize wenye mwezi."

Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Mwezi nane, Mfungo Saba. Mwezi nane ni maji mafu. Siku hiyo bahari haitoki wala haiji, inakaa katikati kama mgeni asiyejua akae wapi. Mwamba hautaonekana. Wanawake tutasimama ufukweni na nondo zetu na haki yetu ya kuingia kwanza, na hatutakuwa na pa kuingia. Watakaoweza ni wenye miwani.

Tulipanga kwa kalenda ya ukutani, sisi watu tunaojua hata mtoto alizaliwa bamvua au maji mafu. Na mimi mkono wangu ulikuwa juu kama wa wenzangu.

6 Septemba

Nilimsubiri Masoud amalize chai.

"Baba Hasina, tarehe moja Oktoba ni maji mafu."

Akanywa kitu kisichokuwemo kikombeni.

"Ulijua?"

"Mtu wa bahari atakosaje kujua?"

"Tangu siku ile darasani?"

"Tangu siku ile."

"Na ukanyanyua mkono kwamba tuingie kwanza."

"Si mmeruhusiwa? Nani kawazuia? Mama Hasina, baharini kila mtu na riziki yake."

Sikupiga kelele, kwa sababu mtoto alikuwa amelala na nimemlaza kwa taabu. Nilimwambia tu, "Miezi miwili mama yako anakula mchunga. Nimemnyang'anya nondo mbele za watu. Nimemnyang'anya ili wewe na wenzio mje mvune?" Nikachukua vyombo nikatoka.

Nilidhani nimeolewa na mtu mkimya. Leo naona kuna ukimya wa aina mbili.

8 Septemba

Mimi na Anjela tumekwenda kwa Mzee Miraji. Alitupokea vizuri, akatuletea madafu. Ana shamba la minazi, baharini hajashuka kwa miguu tangu aache uvuvi.

"Binti yangu, mnasema kweli, lilitupita. Lakini tarehe imeshatangazwa. Wageni wamealikwa mpaka kutoka Tanga mjini. Bwana Shabbar, mnunuzi, ameshaagiza barafu. Wazamiaji nao wamekubali tarehe hiyo."

"Wamekubali kweli," alisema Anjela. "Fisi akikubali kulinda buchani, mtu hafurahi."

"Maji yatakuwa kidogo tu. Mtajikaza."

"Kidogo gani, baba?" nikamuuliza.

"Ya magoti hivi."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bi Vumilia, na sikumkumbuka kwa kukaa kwake. Tumemsifu sana kwa kukaa. Lakini yule hakukaa tu. Kaa akija, anamsukuma.

"Baba," nikasema, "Jumatatu ijayo ni maji mafu pia, sawasawa na tarehe moja. Alasiri maji yakipwa, twende wote mwambani, wewe, kamati na wazamiaji. Ukifika Tundu la Somoe maji yakiwa magotini, tarehe isibadilike na sitafungua mdomo tena."

Akacheka. "Na kanzu yangu?"

"Ikunje, baba. Ni magoti tu."

15 Septemba, Jumatatu

Niliogopa watakuja watu watano. Kijiji kizima kilikuja. Mwalimu Praxeda kawafungulia watoto mapema, wamejaa juu ya ukuta wa bandari ya zamani kama kunguru. Wanawake walikuja kila mmoja na nondo yake na kikapu, wamejifunga kanga kama siku ya bamvua yenyewe. Hilo sikulipanga mimi. Alilipanga mavyaa. Alipita nyumba kwa nyumba juzi na sikujua.

Tulianza kutembea. Mzee Miraji mbele, kanzu mkononi, kofia kichwani, seruali yake ya ndani ya mistari ikionekana na watoto wakishangilia. Maji yalikuwa ya miguu.

"Mnaona?" alisema.

Tukaenda. Yakawa ya magoti, na mwamba bado uko mbele.

"Baba, tumefika?" aliuliza Anjela.

"Bado."

Yakawa ya mapaja. Asheri akavua saa. Mjumbe mmoja wa kamati akakumbuka kuwa ana kikohozi, akarudi. Wanawake tuliendelea, tukiinua vikapu juu ya vichwa. Nilimwachia Hasina mdogo wake pwani, na kila hatua nilikuwa nageuka kutazama. Maji yakafika kiunoni. Mawimbi madogo yakawa yanampiga Mzee Miraji tumboni, kofia ikaanguka, Anjela akaidaka.

"Hapa," alisema mavyaa, na akasimama. Ni mfupi, maji yalimfika kifuani. "Mwenyekiti, karibu Tundu la Somoe. Liko chini ya miguu yako. Nichokolee na mimi."

Mzee Miraji akatazama chini. Maji ya kijani, hakionekani kitu. Akajaribu kuinama, wimbi likamwingia mdomoni.

Wanawake hawakucheka. Hilo ndilo lililonishangaza. Walisimama tu, safu nzima, nondo juu, maji kifuani, wakimtazama. Mimi ndiye niliyesema:

"Tumelinda msimu mzima wa kusi, baba. Hatujaiba hata mmoja. Hatuombi kuongezewa kitu. Tunaomba siku ambayo bahari itatufungulia mlango. Mwezi kumi na tano, ambayo ni tarehe nane Oktoba. Ni juma moja tu zaidi. Tumengoja kwa miezi, na hilo tutangoja."

Mzee Miraji akapangusa uso. Akawageukia wazamiaji. Wao walikuwa wanaelea pembeni kwa raha zao, kama bata.

"Nyie mlijua?"

Kila mmoja akawa anatazama miwani yake.

"Nauliza, mlijua?"

"Tulijua." Ilikuwa sauti ya Masoud. Alisimama, maji kiunoni, mbele ya wenzake, na hakunitazama mimi, alimtazama mama yake. "Tulijua tangu Juni, baba. Haikuwa haki. Mimi naunga mkono tarehe nane, na siku hiyo nitakaa pwani mpaka watoke."

"Wewe umeogopa kunyimwa chakula!" mzamiaji mwenzake alipiga kelele.

"Nimeshanyimwa," alisema Masoud, na hapo ndipo bahari nzima ilipocheka.

Mzee Miraji akanyanyua mkono palepale majini. Mikono ikafuata, ya wanawake, ya Asheri, ya wazamiaji mmoja mmoja. Safari hii niliitazama yote, na nilihesabu mwezi kwanza ndipo nikanyanyua wangu.

Bwana Shabbar alipigiwa simu tukiwa bado tunadondoka maji. Alisema barafu haina haraka kama watu.

Leo nimempakulia Masoud.

23 Septemba

Bamvua, ukaguzi. Tundu la Somoe liko wazi, vijiwe vimesambaa. Mayai yamebaki maganda. Pweza mama hayupo. Mavyaa alisoma Fatiha kisha akasema hajui kama inafaa kwa pweza, lakini imeshatoka.

1 Oktoba

Nimeanika nguo nikatazama baharini. Maji yamejaa juu ya mwamba, hata bendera ya boya imelala. Nimecheka peke yangu. Jirani kauliza kuna nini. Nimemwambia hakuna kitu, na kweli hakukuwa na kitu.

8 Oktoba, Jumatano

Nitaandika upesi kabla mkono haujakakamaa.

Asubuhi mavyaa aliniita jikoni. Nondo yake ilikuwa imepakwa mafuta ya nazi. "Magoti yangu yamekwisha," akasema. "Tundu la Somoe ni lako. Ukifika usichokoe kwa pupa. Mguse kwanza, umsikie."

Nikamwambia, "Mama, twende wote."

"Nani kasema siendi? Nasema sichokoi. Nitakuja kukusuta."

Ufukweni nilikuta jambo ambalo nitawasimulia wajukuu. Wazamiaji wote wamekaa mchangani kwa mstari, miwani shingoni, na Masoud katikati yao, Rahimu kafungwa mgongoni kwa kanga yangu ya manjano. Anjela alimzunguka mara mbili. "Shemeji, umekaa hivyo mayai yataanguliwa lini?"

"Nenda zako, maji yatarudi."

Na bahari ilitoka. Ilitoka, ikatoka, mpaka mwamba ukawa wote juu, unameta, na matundu tuliyoyasahau yakaonekana. Mzee Miraji akang'oa bendera. Hakuhutubia. Alisema "Bismillahi, kina mama" tu, na tukashuka.

Sikuwahi kusikia vigelegele vilivyotawanyika namna ile. Huku mmoja, kule mwingine, kila kigelegele pweza. Anjela alimpata wake kabla hajaloa magoti, akamshika kichwa, mikono ikamzunguka mpaka kwapani, akawa anapiga kelele, "Niacheni, huyu kaniposa!"

Tundu la Somoe nililifikia mwisho. Mlango ulikuwa umefagiwa, maganda ya kaa nje, mabichi. Niliingiza nondo polepole. Nikamgusa. Akaishika.

Alivuta. Nilikuwa sijawahi kuvutwa na pweza, miaka yote hii ni vipweza vya kujaa kiganja. Huyu alinivuta nikapiga goti, nikashika mwamba, damu ikatoka.

"Usimwachie!" mavyaa anapiga kelele. "Mkaza mwanangu, wewe umelea watoto wawili bila usingizi, utashindwa na huyu?"

Nikachokoa, nikazungusha, nikavuta. Akatoka kwa ghadhabu, mwekundu, kisha mweupe, kisha mwekundu, na nilipomwinua juu ya kichwa changu mikono yake ilikuwa bado inagusa maji. Wino ulinimwagikia kanga nzima. Nikasikia huko pwani mtu anapiga vigelegele vya kiume, vibaya kabisa, na nikajua ni Masoud.

Wakati wa kurudi, kikapu kikinikata bega, nilipita kwenye tundu jingine, langu pia, lililoko chini ya ukingo. Mlango ulikuwa umejengwa vijiwe. Niliondoa kimoja nikachungulia. Jicho moja likanitazama, na nyuma yake vishada vyeupe.

Kikapu kilikuwa bado na nafasi. Aliinua mkono wake, mwembamba, akanisukuma kidole.

"Haya, nimesikia," nikamwambia. Nikarudisha jiwe mahali pake, nikaliweka vizuri.

Wazamiaji waliingia tulipotoka, kama tulivyokubaliana. Nao wamepata. Wako wa kumtosha kila mtu. Jioni nzima kijijini kulikuwa kunasikika mdundo mmoja, wanawake wanaponda pweza kwa mawe. Hasina amekula wa nazi mpaka akalala na kijiko mkononi. Mavyaa anampigia simu kila anayemjua mpaka Pangani, na kila simu pweza wangu anaongezeka urefu.

9 Oktoba

Maji yametoka zaidi ya jana. Tunashuka tena.